Mwajiri wa Nairobi na Sheria ya Ajira: Kutoka Langoni hadi Hati ya Utumishi

Kabla ya saa moja asubuhi, ukipita Barabara ya Lunga Lunga katika Eneo la Viwanda, utawakuta vijana wamejipanga kando ya malango ya viwanda na maghala, kila mmoja na kitambulisho mkononi, wakimsubiri msimamizi atoke ahesabu watu kumi au kumi na watano wa siku hiyo. Baadhi yao wamesimama kwenye lango hilo hilo kwa miaka. Mwenye kiwanda anawaita vibarua, na daftari lake la malipo linawaita hivyo hivyo, lakini sheria ina jina jingine kwao. Siku mmoja wao atakapoambiwa asirudi kesho, ndipo mwenye kiwanda atakapolisikia jina hilo, mara nyingi katika barua ya wakili.

Mwongozo huu nimewaandikia waajiri wadogo na wa kati wa jiji hili, wenye wafanyakazi watano, thelathini au themanini, ambao hawana idara ya sheria na hutegemea karani mmoja wa ofisi kutunza mafaili. Sheria ya Ajira ya 2007 si ngeni kwao. Kilichoibadilisha ni Katiba ya 2010, ambayo katika Ibara ya 41 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini, pamoja na maamuzi ya mahakama yaliyofuata na makato mapya ya mshahara yaliyoanza mfululizo tangu mwaka 2023. Katika kazi yangu ya kupanga mafaili ya wafanyakazi nimemwona mwajiri mwenye sababu nzuri kabisa ya kumwachisha mtu kazi akishindwa kortini kwa kuwa hakuandika chochote siku mambo yalipotokea. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inaishia kwenye karatasi yenye tarehe.

Hatua ya kwanza: Tambua ni nani hasa aliye mfanyakazi wako

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Mtu anayekuja Jumatatu hadi Jumamosi na kulipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi jioni haingii katika maelezo hayo hata kidogo.

Kifungu cha 37 ndicho kinachowashtua waajiri wengi. Kinasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku za mfululizo ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu kwa jumla, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mwezi hadi mwezi. Siku zake za mapumziko na sikukuu zinazolipiwa huingizwa katika hesabu ya mfululizo huo. Anayezidi kufanya kazi hadi miezi miwili au zaidi anastahili masharti ambayo angeyapata lau asingeanza kama kibarua: likizo ya mwaka, likizo ya ugonjwa, na notisi ya maandishi ya siku 28 kabla ya kuachishwa kazi.

Wapo wanaojaribu kukwepa kwa kumpumzisha mtu siku mbili kila mwisho wa mwezi, kisha kumrudisha kana kwamba ni mgeni. Siwashauri kufanya hivyo. Jaji hutazama ukweli wa uhusiano wenyewe, na rekodi za M-Pesa, ambazo mfanyakazi anazo katika simu yake mwenyewe, zinaonyesha wazi malipo ya miezi kumi na minane kutoka kwa nambari moja.

Fanya hivi wiki hii. Chukua daftari la langoni la miezi mitatu iliyopita na uandike kila jina na idadi ya siku alizofanya kazi. Majina yatajigawa yenyewe katika mafungu mawili. Wale walioitwa mara moja moja, kwa mfano kushusha kontena, wabaki vibarua, walipwe jioni hiyo hiyo na watie sahihi. Wale ambao majina yao yanajirudia kila wiki waandikie mikataba. Kama kazi ina msimu, uandike mkataba wa muda maalumu wenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, maana mkataba wa namna hiyo kwa kawaida huisha wenyewe tarehe yake ikifika, mradi hujampa mtu ahadi, kwa maneno au kwa mazoea, kwamba utamwongezea.

Kutumia wakala wa kuajiri hakukuondolei mzigo wote. Mnamo Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa mjini Nairobi iliamua kwamba kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya na wasimamizi wa maudhui waliokuwa wameajiriwa kupitia wanakandarasi. Uamuzi huo ulihusu mamlaka ya korti kusikiliza kesi, wala haukusema nani ana makosa, lakini kila mwajiri anayetumia wafanyakazi wa wakala anapaswa kuupima kwa makini.

Hatua ya pili: Andika mkataba kabla ya kazi kuzoeleka

Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uwe wa maandishi, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Maelezo ya msingi, yaani majina, kazi yenyewe, mahali pa kazi, saa, mshahara na namna ya kulipwa, likizo na muda wa notisi, yanatakiwa kutolewa ndani ya miezi miwili tangu mtu aanze kazi. Mwajiri akifika kortini bila karatasi hiyo, ni yeye atakayelazimika kuthibitisha kwamba masharti yalikuwa tofauti na anavyodai mfanyakazi. Kama mfanyakazi hasomi au haelewi lugha ya mkataba, sheria inataka aelezewe kwa lugha anayoielewa. Msomee, kisha uandike chini ya mkataba kwamba alisomewa, na nani, lini na kwa lugha gani.

Sentensi moja ambayo mikataba mingi ya jijini haina ni ile inayosema kama mshahara unajumuisha marupurupu ya nyumba au la. Mwajiri anapaswa kumpa mfanyakazi makao yanayofaa au kumlipa fedha za kutosha za kodi. Mkataba usiposema lolote, mfanyakazi anaweza kukudai marupurupu hayo ya miaka ya nyuma.

Muda wa majaribio usizidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi mingine sita mfanyakazi akikubali. Notisi katika kipindi hicho ni siku saba. Waajiri wengi walizoea kumwambia mtu aliye kwenye majaribio aende nyumbani bila maelezo, kwa kuwa kifungu cha 42 kiliwaruhusu kuruka kikao cha kumsikiliza. Mwaka 2021 majaji watatu wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi walitangaza kuwa sehemu hiyo inakiuka Katiba. Kwa hiyo aliye kwenye majaribio naye msikilize kwanza.

Hatua ya tatu: Sahihisha mshahara na makato

Anza na kima cha chini. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, baada ya nyongeza ya asilimia 6, kima cha chini cha mfanyakazi wa kawaida asiye na ujuzi maalumu jijini Nairobi kilifika KSh 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukiongeza asilimia 15 ya nyumba, yaani KSh 2,417.06, unapata KSh 18,530.81. Fundi, dereva, mlinzi wa usiku na keshia wana viwango vyao vya juu zaidi katika agizo la serikali la mishahara, kwa hiyo tafuta cheo cha kila mtu katika jedwali la agizo linalotumika wakati huu badala ya kukadiria.

Makato ndiyo yaliyobadilika zaidi. Hifadhi ya Taifa ya Jamii, NSSF, inatoza asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri, na kiwango cha juu cha mshahara unaohesabiwa kimekuwa kikipanda kila Februari tangu mwaka 2023. Februari 2025 kilifika KSh 72,000. Bima ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, mnamo Oktoba 2024, na inatoza asilimia 2.75 ya mshahara wa jumla, si chini ya KSh 300, kutoka kwa mfanyakazi peke yake. Ushuru wa nyumba, kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kutoka mfukoni mwa mwajiri.

Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa jumla wa KSh 60,000. NSSF itakata 3,600, bima ya afya 1,650 na ushuru wa nyumba 900, jumla 6,150. Tangu tarehe 27 Desemba 2024 makato haya yote matatu huondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa, kwa hiyo kodi ya mapato itatozwa kwenye 53,850: asilimia 10 ya 24,000 za kwanza ni 2,400, asilimia 25 ya 8,333 zinazofuata ni 2,083.25, na asilimia 30 ya 21,517 zilizobaki ni 6,455.10. Jumla ni 10,938.35. Ondoa nafuu binafsi ya 2,400, na kodi inakuwa 8,538.35. Mfanyakazi atapokea KSh 45,311.65. Wewe mwajiri utaongeza 3,600 za NSSF, 900 za nyumba na 50 za NITA, yaani mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa hiyo mtu huyo anakugharimu KSh 64,550 kila mwezi.

Nimeifanya hesabu hii polepole kwa sababu programu nyingi za mishahara ziliendelea kutumia njia ya zamani, ambapo kodi ilihesabiwa kabla ya makato ya afya na nyumba kuondolewa, na mfanyakazi akawa anakatwa zaidi ya inavyotakiwa. Tangu tarehe 1 Julai 2025, Sheria ya Fedha inamlazimu mwajiri kutumia nafuu zote anazostahili mfanyakazi wakati wa kukokotoa kodi yake, badala ya kumwacha adai mwenyewe kwa Mamlaka ya Ushuru mwisho wa mwaka. Chukua karatasi moja ya mshahara ya mwezi uliopita na uikokotoe kwa mkono kama nilivyofanya hapa. Ikiwa tarakimu hazilingani, mpigie mhasibu leo.

Mambo mawili ya kukumbuka hapa. Makato yote kwa pamoja, yakiwemo ya mikopo na ya sacco, yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Tena kila mfanyakazi apewe maelezo ya malipo yanayoonyesha kila kato kwa jina lake, kwa karatasi au kwa simu.

Hatua ya nne: Likizo, na majukumu yanayokuja idadi inapokua

Likizo ya mwaka si chini ya siku 21 za kazi zenye malipo baada ya kila miezi 12. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na mama anarudi kwenye kazi yake au nyingine inayolingana nayo. Baba anapata wiki mbili, na tangu mwaka 2021 anayepokea mtoto wa kuasili ana mwezi mmoja. Likizo ya ugonjwa, kwa aliyemaliza miezi miwili kazini, ni angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu mshahara kwa mwaka. Weka fomu ya likizo hata kama mna watu wanne tu, kwa sababu hoja ya siku za likizo ambazo hazikulipwa ni nyepesi kudai na ngumu kupinga bila fomu.

Ukifikisha wafanyakazi 20, unahitaji sera ya maandishi dhidi ya unyanyasaji wa kingono na kamati ya usalama na afya kazini, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 inakutaka utenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa ajili yao. Ukifikisha 50, taratibu za nidhamu ziandikwe na kila mtu azijue. Hata aliye na mmoja anahitaji bima ya kufidia majeraha ya kazini, na anayetumia mashine asiiahirishe kwa siku hata moja.

Hatua ya tano: Nidhamu, mahali kesi nyingi zinapopotea

Kwa bahati, nambari 41 inajirudia: Ibara ya 41 ya Katiba inatoa haki, na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinaeleza jinsi ya kuiheshimu siku ya tatizo. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, mweleze kwa lugha anayoielewa sababu unayoifikiria. Ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na unapaswa kuwasikiliza wote wawili kabla ya kuamua. Hayo yanahusu hata kufutwa kazi papo hapo kwa kosa kubwa kama wizi au ulevi. Neno papo hapo linaondoa notisi tu. Kikao kinabaki pale pale.

Tuseme karani wa stoo katika ghala la Baba Dogo anahusishwa na upotevu wa katoni kumi na mbili za mafuta ya kupikia, na kadi za stoo zinaonyesha tofauti hiyo siku ya Jumanne. Jumatano, msimamizi na mtu mwingine wahesabu shehena upya na watie sahihi. Siku hiyo hiyo karani apewe barua ya kutakiwa ajieleze, yenye tarehe ya upotevu, idadi ya katoni na nakala ya kadi, na apewe muda wa kutosha wa kujibu. Saa 48 ni kipimo ninachokitumia, ingawa sheria haikutaja saa. Akisimamishwa kazi wakati wa uchunguzi, barua iseme kama atalipwa. Jibu lake likishafika, aandikiwe wito wa kikao unaotaja siku, saa, chumba, na haki yake ya kuja na mwenzake.

Kwenye kikao, anayeandika kumbukumbu asiwe ndiye anayeuliza maswali. Muulizeni kuhusu kadi, kisha mumwache azungumze bila kukatizwa. Labda atasema kwamba funguo za ghala ziko mikononi mwa watu watatu, na hapo mtalazimika kuwaita hao wengine wawili. Niliwahi kuisoma kumbukumbu ya kikao ambacho maswali yalijaa kurasa tatu na majibu ya mfanyakazi yalikuwa mstari mmoja: "Alishindwa kujitetea." Karatasi ya namna hiyo haimsaidii mwajiri. Andikeni maneno yake, hata yasiyowapendeza, na mumpe azisome kumbukumbu hizo kabla ya kutia sahihi.

Baada ya kikao, pumzikeni. Uamuzi unaotangazwa dakika tano baada ya mtu kumaliza kuzungumza unaonekana kuwa uliandikwa tangu asubuhi. Barua ya uamuzi itaje hoja zake na kwa nini hazikutosha, na kama kuna njia ya rufaa ndani ya kampuni, imweleze. Uamuzi wenyewe upimwe kwa sababu zilizojulikana siku hiyo. Makosa yaliyogunduliwa baada ya mtu kuondoka hayawezi kuwa ndiyo sababu ya kumwondoa.

Kwa utendaji duni njia ni ndefu zaidi, na wengi wanachoka katikati. Mfanyakazi lazima awe alijua kiwango kinachotakiwa, aliambiwa kwa maandishi kwamba amepungukiwa, na alipewa muda na msaada wa kujirekebisha. Bila hayo, kikao hakina cha kujadili.

Ukikosea, korti inaweza kumpa hadi mishahara ya jumla ya miezi 12, juu ya notisi na malipo mengine, au kuamuru arudishwe kazini ndani ya miaka mitatu tangu aachishwe. Tangu mwaka 2018, kesi za wanaopata mshahara wa jumla usiozidi KSh 80,000 zinaweza kusikilizwa na mahakimu waliotajwa katika gazeti rasmi la serikali, na hilo limeirahisisha njia ya kudai kwa watu wa mishahara ya kawaida.

Hatua ya sita: Kazi inapopungua

Kuwapunguza wafanyakazi ni kuwatoa watu wasio na kosa lolote, na sheria inawalinda ipasavyo. Andika notisi ya nia, angalau mwezi mmoja kabla, kwa chama cha wafanyakazi na kwa afisa wa leba. Kama mfanyakazi hana chama, iandikwe kwake mwenyewe na kwa afisa huyo. Notisi iseme sababu na ukubwa wa upunguzaji. Mwezi huo ni wa mashauriano, na Mahakama ya Rufaa imeshasisitiza kwamba mashauriano hayo ni ya lazima hata kama neno lenyewe halimo kifunguni: je, zamu zinaweza kupunguzwa, likizo zikachukuliwa mapema, au mtu akahamishiwa idara nyingine? Baada ya hapo ndipo uwachague watakaoondoka kwa kuangalia urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu, na uandike alama za kila mmoja. Barua ya kuachishwa kazi ni nyingine tofauti, yenye notisi ya mwezi au malipo yake, siku za likizo ambazo hazijatumika, na mshahara usiopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili. Ukichanganya notisi hizo mbili katika barua moja, umefupisha mwezi ambao sheria iliuweka kwa ajili ya mazungumzo.

Hatua ya saba: Siku ya mwisho, na faili lake

Mfanyakazi yeyote anayeondoka, hata aliyefutwa kwa wizi, analipwa fedha alizokwisha kuzifanyia kazi, na, kama alifanya kazi wiki nne mfululizo au zaidi, anapewa hati ya utumishi yenye jina la mwajiri, kazi aliyofanya na tarehe za kuanza na kumaliza. Hati hiyo si barua ya sifa, na sheria haikuruhusu kuishikilia mpaka sare zirudishwe.

Dai la ajira linaweza kufikishwa kortini ndani ya miaka mitatu tangu tukio, kwa hiyo faili lisichomwe wala kutupwa kabla ya muda huo kupita na muda wa kutunza rekodi nyingine za kisheria kukamilika. Katika faili weka nakala ya kitambulisho, mkataba wenye sahihi, fomu za likizo, maelezo ya malipo, barua za nidhamu na majibu yake, kumbukumbu za vikao, na nakala ya hati ya utumishi iliyotiwa sahihi na aliyeipokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka taarifa hizo zitunzwe kwa siri, kwa hiyo kabati liwe na kufuli, ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana, na cheti cha daktari cha mfanyakazi kisiachwe juu ya meza ya mapokezi.

Daftari la langoni nalo lihifadhiwe humo humo, ukurasa kwa ukurasa. Siku kijana wa Lunga Lunga atakapodai kwamba alifanya kazi miaka minne, daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama anasema kweli, na kama anasema kweli, mlipe anachostahili kabla hajaenda korti ya Milimani.